Mtoto mwenye lugha nne

Ndugu msomaji, jioni moja jirani yangu hapa Katesh alinijia akiwa na mwanawe mgongoni, ijapokuwa mtoto mwenyewe amekwisha kutimiza miaka minne na miguu yake inaning'inia karibu na magoti ya mamaye. Hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni, akaniuliza swali ambalo nadhani wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kujiuliza kimoyomoyo.

"Mama, hivi huyu nimwachie lugha ipi?"

Yafaa nikueleze nyumba yake ilivyo, ili swali hilo usilione dogo. Yeye ni Mnyaturu, mzaliwa wa upande wa Singida. Mumewe ni Mbarabaig. Mama mkwe wake, ambaye anaishi nao, anasema Kibarabaig tu. Kiswahili chake ni cha salamu na cha kukatalia bei mnadani. Majirani wa upande wa mlimani ni Wairaqw, na watoto wao ndio wenzi wa mtoto huyu katika kila mchezo na kila utundu. Mume na mke, kwa kuwa kila mmoja hakuijua lugha ya mwenzake walipooana, walianza maisha yao kwa Kiswahili, na mpaka leo ndicho wanachosemezana. Basi mtoto hunyonya Kinyaturu kwa mama, husikia Kibarabaig kwa baba na bibi, hucheza kwa Kiiraqw, na hutumwa dukani kwa Kiswahili. Akianza sentensi hapa huweza kuimalizia kule, na msikilizaji mgeni hudhani mtoto anaweweseka.

Sasa mwalimu mmoja wa darasa la awali alikuwa amemshauri mama huyo, kwa nia njema kabisa, kwamba azungumze na mwanawe Kiswahili peke yake, maana lugha nyingi zinamchanganya ubongo. Mama alitii. Wiki tatu zilikuwa zimepita nyumba nzima ikiwa katika amri hiyo.

"Na bibi yake je?" nikamwuliza.

"Bibi akimwita, mtoto ananitazama mimi kwanza."

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Nimeazimia kukueleza niliyoyasoma na niliyoyaona juu ya jambo hili, kwani naona tumezoea kulitolea hukumu bila ya kusikiliza ushahidi.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Katesh iko chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kinapita mita 3,400, kando ya barabara itokayo Singida kwenda Babati. Mtu akipita kwa basi huona maduka, vumbi na mlima. Asichokiona ni kwamba amepita katika sehemu ambayo haina mfano mwingi barani Afrika. Kiiraqw na ndugu yake Kigorowa ni lugha za Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Kibarabaig, ambacho ni tawi la Kidatoga, ni cha ukoo wa Kiniloti, pamoja na Kinandi na Kimasai. Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi ni Kibantu kama kilivyo Kiswahili. Tena si mbali sana kutoka hapa wako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa mkoani Dodoma, ambao lugha zao zina sauti za kudoa ulimi na hazina undugu na hizo zote. Mwaka 2008 wataalamu watatu wa lugha, Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse, walieleza jinsi lugha hizi za eneo la Bonde la Ufa, ambazo hazikuzaliwa na mama mmoja, zilivyoazimana mambo mengi kwa kukaa pamoja, wala si maneno tu bali hata namna ya kuijenga sentensi.

Tafakari maana yake. Neno moja moja huweza kuazimwa na mtu anayepita njia akinunua chumvi. Lakini muundo wa sentensi hauhami kutoka lugha hadi lugha isipokuwa ndani ya kichwa cha mtu anayezisema zote mbili, tena si mtu mmoja wala kizazi kimoja. Maana yake ni kwamba nyumba kama ya jirani yangu si jambo jipya lililoletwa na barabara ya lami. Hapa kwetu zimekuwapo tangu zamani, na watoto wake walikua, wakachunga, wakaoa, wakazeeka, bila ya habari ya ubongo kuchanganyikiwa.

Basi hofu hii ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Ulaya. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya kuwapima akili watoto wa Wales, nchi ambayo ina lugha yake mbali na Kiingereza. Aliona watoto wa shamba wenye lugha mbili wakipata alama chache kuliko wenzao wa lugha moja, na watu wengi wakakata shauri kuwa lugha ya pili ni mzigo kwa akili. Lakini katika matokeo yake hayo hayo, watoto wa mjini hawakuonyesha tofauti hiyo. Kama lugha mbili ni sumu, mbona haikuwadhuru wa mjini? Ni dhahiri kuwa palikuwa na mambo mengine yaliyopimwa pamoja na akili: umaskini, umbali wa shule, na lugha ya mtihani wenyewe.

Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wakijitahidi kulinganisha wale wenye hali moja ya maisha. Safari hii wenye Kifaransa na Kiingereza ndio waliowashinda wenye lugha moja. Mimi sishangilii sana hapo, kwa kuwa waliochaguliwa walikuwa wanazimudu lugha zote mbili sawasawa, na yamkini mtoto wa namna hiyo alikuwa hodari toka mwanzo. Walakini mzigo wa ushahidi uliwahamia wale waliokuwa wakisema lugha mbili huharibu.

Jaribio linalonivutia zaidi ni dogo na halina majivuno. Mwaka 1972 Anita Ianco-Worrall, huko Afrika Kusini, aliwauliza watoto wadogo kama ingewezekana, mtu akiwa na uhuru wa kuvipa vitu majina upya, kumwita ng'ombe mbwa na mbwa kumwita ng'ombe. Watoto wa lugha moja waliona aghalabu kuwa haiwezekani: ng'ombe ni ng'ombe. Wale waliokuwa na Kiafrikana na Kiingereza walikubali zaidi kuwa yawezekana. Walikuwa wamekwisha kutambua, pasipo kufundishwa na mtu, kuwa jina ni makubaliano ya watu.

Siku ya pili nilimjaribu mtoto wa jirani. Ng'ombe wao walikuwa wakipita uani. Nikamwonyesha mmoja, nikamwuliza, "Huyu anaitwaje?" Mtoto hakujibu. Aliniuliza yeye: "Kwa nani?"

Nikamwambia anieleze kwa wote. Kwa bibi ni *deeda*. Kwa akina fulani wa kule juu ni *slee*, na hapo aliitoa ile sauti ya Kiiraqw inayopita ubavuni mwa ulimi, ambayo mimi nimeijaribu miaka mingi na Wairaqw bado wananicheka. Kwa mwalimu ni ng'ombe. Mtoto wa miaka minne! Wiki tatu za kunyamazishwa zilikuwa hazijamfuta kitu. Swali lake, "kwa nani", linanionyesha kuwa kabla ya kufungua kinywa yeye hukumbuka kwanza ni nani anayesikiliza na anajua nini. Wako watu wazima, na baadhi yao ni wakubwa wa kazi, ambao hawajapata kufika hapo.

Ukitaka kuona kazi hiyo ikifanywa na fundi, njoo mnadani Katesh. Mwaka mmoja nilisimama karibu na dalali aliyekuwa kati ya mzee wa Kibarabaig mwenye madume mawili, Mwiraqw aliyetaka moja, na mchuuzi wa kutoka mbali aliyekuja na lori. Alikuwa akigeuka kama pia. Kwa mzee Kibarabaig cha taratibu na adabu, kwa Mwiraqw Kiiraqw cha mzaha, kwa mwenye lori Kiswahili cha haraka, na bei alikuwa nayo kichwani, tena bei tatu mbalimbali. Naam, tatu! Mimi na Kiswahili changu nilikuwa nikimpongeza moyoni kwa uhodari, mpaka mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza ugoro kando yetu, na ambaye kumbe alikuwa akizifuata lugha zote, alipopaaza sauti na kumtajia kila mtu bei aliyoambiwa mwenzake. Pakawa na kelele, kisha kicheko, kisha mapatano ya haki. Nikajionea kuwa katika mkusanyiko ule mjinga nilikuwa mimi.

Lakini mazoezi makubwa kuliko ya dalali hufanywa nyumbani, tena kimya. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Haishii hapo: huepuka pia maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti, na badala yake hutumia maneno mengine yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa majina ya watu aghalabu hutokana na mambo ya kila siku yaliyotukia wakati wa kuzaliwa, maneno ya kuepukwa huweza kuwa yale ya jikoni na zizini. Jirani yangu, Mnyaturu wa watu, alijifunza Kibarabaig na papo hapo akajifunza ni wapi katika Kibarabaig hicho asikanyage. Aliniambia mwaka wa kwanza kichwa kilikuwa kikimwuma jioni. Sasa humtoka bila ya kufikiri. Mtu huyu ndiye anayeambiwa kuwa lugha nyingi zitamchosha mwanawe.

Wataalamu wana maelezo ya kazi hiyo. Wanasema mtu mwenye lugha mbili, anaposema moja, ile ya pili hailali. Iko macho, na ubongo hauna budi kuizuia na kuchagua, dakika baada ya dakika, maisha yote. Kwa hoja hiyo Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto walipitia mwaka 2007 kumbukumbu za wagonjwa 184 wa usahaulifu wa uzeeni, wakaona kuwa kwa wenye lugha mbili dalili zilianza takriban miaka minne baadaye kuliko kwa wenye lugha moja. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 648 wa Hyderabad, nchini India, wakaona miaka minne na nusu, hata miongoni mwa wasiojua kusoma wala kuandika. Hiyo ya Hyderabad naipenda, kwa sababu ni mji unaofanana nasi: watu huokota lugha uani na sokoni, wala si kwa kulipia masomo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, nisingekutendea haki kama ningekomea hapo na kukuacha uondoke ukiamini kuwa lugha ni dawa. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake walionyesha kuwa tafiti zilizoona faida zilichapishwa kwa wepesi kuliko zile ambazo hazikuona kitu. Mwaka 2020 Emily Nichols na wenzake walipima watu zaidi ya 11,000 kwa majaribio mbalimbali ya kumbukumbu na kufikiri, wasione kuwa wenye lugha mbili wana akili bora kwa jumla. Na habari za wazee nazo zina mabishano, maana anayehamahama au anayejifunza lugha mara nyingi ana mambo mengine yanayomtofautisha na aliyebaki.

Maoni yangu ni haya. Anayekuambia kuwa lugha nne zitamfanya mwanao bingwa wa hesabu anakuuzia kitu. Anayekuambia zitamharibu naye hana ushahidi. Kinachobaki mkononi, na ambacho hakuna aliyekipinga kwa nguvu, ni kile nilichokiona uani: mtoto anayejua kuwa neno ni la watu, na kuwa watu ni wengi.

Sasa nigeukie shule, maana sitaki kumkandamiza yule mwalimu. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, na mwalimu anapokea darasani watoto wengi ambao baadhi yao wametoka bomani bila ya neno moja la Kiswahili. Taabu yake ni ya kweli, na taabu ya mtoto huyo ni kubwa zaidi: hukaa miezi akisikia mlio tu. Kisha akifika kidato cha kwanza, mlio unageuka kuwa Kiingereza. Kwa hiyo mzazi anayempa mwanawe Kiswahili kabla ya shule anafanya jambo jema sana. Kosa ni kudhani kwamba ili Kiswahili kiingie lazima kingine kitolewe, kana kwamba kichwa ni debe.

Mimi mwenyewe nilipata kuvikwa shingoni kipande cha ubao, katika shule ambayo sitaitaja, kwa kosa la kusema na dada yangu lugha ya nyumbani. Ulipaswa kuuvaa mpaka umsikie mwenzako akikosea ili umhamishie. Sikumbuki kama uliniongezea Kiswahili. Nakumbuka ulinifundisha kupeleleza rafiki zangu.

Wala wakubwa wetu katika Kiswahili hawakukulia katika Kiswahili peke yake. Mwalimu Nyerere alikulia katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, na huko ndiko alikosoma Kiswahili. Ndiye yule yule ambaye baadaye alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Kizanaki hakikumzibia njia.

Basi jirani yangu nilimwambia nini? Nilimwambia aiondoe ile amri. Yeye aseme naye Kinyaturu, baba na bibi Kibarabaig, na wazazi wakiwa pamoja mezani Kiswahili kama walivyozoea; kila mtu aseme lugha anayoijua vizuri, kwani mtoto hujifunza lugha nzima kutoka kwa mtu mwenye lugha nzima, si kutoka kwa mzazi anayebabaika. Akichanganya asichekwe wala asikaripiwe. Arudishiwe sentensi yake ikiwa imenyooka, na mazungumzo yaendelee. Maneno yake ya Kiswahili yakiwa machache kuliko ya mtoto wa Kiswahili peke yake asishtuke, maana akiyahesabu na yale ya lugha nyingine ataona hazina haikupungua. Lakini mtoto ambaye amefika miaka miwili hana maneno katika lugha hata moja, au haitiki aitwapo, huyo apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio na makuzi. Kasoro ya kweli ya kusema huonekana katika lugha zote za mtoto, haijifichi katika moja, na kumnyang'anya lugha mojawapo hakuiponyi.

Nilimwambia pia amfuate yule mwalimu kwa heshima, amweleze hayo, na amwombe ushirikiano. Alikwenda. Mwalimu alimsikiliza, akasema ana watoto wengi mno na kwamba angalau huyu ajue kuomba ruhusa kwa Kiswahili. Wakakubaliana hivyo. Anajua.

Juma lililopita nilipita nyumbani kwao nikawakuta bibi na mjukuu wameketi kwenye kigogo chini ya mti, bibi akisimulia jambo kwa mikono yote miwili, mtoto akimwangalia mdomoni. Niliposimama kuwaamkia, bibi alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema maneno marefu kidogo, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Bibi amesemaje?" nikamwuliza mtoto.

Alimtazama bibi yake. Akanitazama mimi. Akafikiri.

"Anakusalimu," akasema.